Oili na filta kwa gari la mkononi hapa Dodoma: tuache kuchagua kwa mazoea

MLETA UZI

Mbukwenyi wadau.

Wiki hii watu watatu wamenipigia simu na swali moja: nimenunua gari la mkononi, niweke oili gani? Mmoja ana IST, mwingine Noah, wa tatu Suzuki Carry ya kubebea mizigo sokoni. Wote walikuwa wameshapita kwa fundi na wote wakapewa jibu lile lile: "Gari limeshatembea hilo, weka nzito." Magari matatu, injini tatu, jibu moja. Nimeumia, kwa sababu jibu hilo hilo nusura linitoe hela nyingi mwaka jana.

Mimi si fundi. Natumia IST yenye injini ya 1NZ-FE, naishi Kisasa, kila siku ya kazi naenda Mtumba na kurudi. Nililinunua kwa mtu, likaja na kadi ya sevisi imening'inizwa kwa waya ndani ya boneti: 20W-50. Ilipofika Julai, mnaijua alfajiri ya Julai hapa kwetu, upepo na baridi, kila nikiwasha injini inatoa sauti ya cheni sekunde tatu nne, krrrr, halafu inatulia. Mchana kimya. Fundi akasikiliza, akasema cheni ya taimingi imelegea, nitafute seti nzima.

Kabla sijatoa hela nikaomba tuanze na kumwaga oili. Filta iliyotoka nikaibeba nyumbani, nikaikata kwa msumeno wa chuma barazani. Ndani kuna karatasi iliyokunjwa kama sketi ya marinda. Kwenye ile yangu marinda yalikuwa yamebanana upande mmoja, upande wa pili kuna uwazi unaopitisha kidole, na pale ncha za karatasi zinapokutana gundi ilikuwa imeachia. Oili ilikuwa inapita pembeni bila kuchujwa. Kilichonishtua zaidi ni ule mpira mwembamba wa duara unaokaa nyuma ya matundu. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi yote kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) gari likizimwa, ili asubuhi ukiwasha isichelewe kufika kwenye cheni na kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu. Wangu ulikuwa umekakamaa kama kandambili iliyoachwa juani. Niliukunja, ukakatika.

Nikafunga filta halisi na 5W-30. Asubuhi ya kwanza sauti ilisikika kidogo, ya tatu haikuwepo. Cheni ni ile ile mpaka leo. Sisemi kila sauti ya asubuhi ni filta. Cheni huchoka, na kikaza cheni nacho huchoka. Ila anza na kitu cha bei ndogo kabla hujafunguliwa injini.

Tuje kwenye oili yenyewe. Hii habari ya "5W-30 ni ya nchi za baridi, huku kwetu inakuwa maji" naisikia kila gereji. Ile W kweli inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake inapimwa kwenye baridi ambayo Dodoma haijawahi kuiona: 5W inapimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili ndiyo inayoeleza uzito oili ikiwa na moto, na kipimo chake ni nyuzi 100. Kwa hiyo 5W-30 na 10W-30 zikishapata moto zote ni 30. Haijawa maji. Tofauti yao ni ule muda wa kuwasha, gari likiwa limelala usiku kucha.

Fikiria asali ya Manyoni. Asubuhi ya baridi unageuza chupa na kusubiri, ukiiweka juani inatiririka. Oili zote ziko hivyo, hakuna oili inayokuwa nzito ikipata moto. Unachonunua kwenye namba ya kwanza ndogo ni asali isiyoganda sana alfajiri. Na jua letu la nyuzi 30 mchana ni dogo mbele ya joto la ndani ya injini, ambalo temostati inalishikilia karibu pale pale gari likiwa Dodoma au likiwa Japani lilikotoka.

Injini hizi za VVT-i, kama 1NZ-FE yangu, zinatumia presha ya oili kugeuza taimingi ya kemshafti. Oili inapita kwenye valvu ndogo na vijia vyembamba, na kabla ya hapo kuna kichujio chake cha wavu, kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Ukijaza oili nzito kupita inayotakiwa, au yenye uchafu, sehemu hiyo ndiyo inaanza kulalamika: gari linakosa nguvu, linatetemeka likiwa limesimama na injini inaunguruma, taa ya injini inawaka. Watu wanabadilisha plagi, wanabadilisha koili, kumbe tatizo ni oili.

Hatua zangu mimi: kwanza soma kibati cha gari ndani ya boneti, injini imeandikwa. Jina la gari peke yake halitoshi, maana IST kuna ya 1.3 na ya 1.5, na Premio zina injini kadhaa. Pili, fungua kitabu. Magari mengi ya Japani yanakuja na kitabu cha Kijapani kwenye droo ya mbele na watu wanakitupa. Usitupe. Simu yako ikipiga picha inatafsiri, na namba za oili zimeandikwa kama tunavyoziandika sisi. Tatu ndiyo uangalie hali: linakula oili au halili?

Kwenye dumu angalia pia herufi za API, kiwango cha Marekani cha ubora wa oili. S ni petroli, C ni dizeli. Herufi ya pili inapanda kwa miaka: SL ilianza 2001, SN 2010, SP 2020. Kiwango kipya kinafaa pale cha zamani kilipotakiwa, kwa hiyo SN au SP kwenye IST ya 2004 ni sawa kabisa. Ila ukikuta dumu jipya limeandikwa SF au SG, hata kama bei inavutia, liache. SF ni ya injini za mwisho 1988, SG za mwisho 1993. Dumu la namna hiyo nimelishika kwa mkono wangu, linauzwa kwa wenye Vitz na Passo kama kawaida.

Karibuni kwa maswali, na mafundi naomba mnirekebishe.

FUNDI WA KIZOTA

Mkuu umeandika vizuri, ila usitupake mafundi wote tope moja. Mimi nina zaidi ya miaka 15 kwenye kazi hii. Inakuja Spacio au Allion yenye injini ya 1ZZ, asubuhi inatoa moshi wa bluu, mwenye gari anasema kila wiki anaongeza nusu lita. Nikimwekea 5W-30 anarudi baada ya siku kumi kijiti cha kupimia oili kikavu. Hana hela ya kufungua injini kubadilisha ringi za pistoni. Nifanyeje? Nampa 10W-40, ikizidi sana 15W-40, angalau linapungua kula. Hizo 1ZZ za mwanzo ugonjwa wake unajulikana, vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo, vinaziba kwa masizi, ringi inaganda.

Na vitabu vyenyewe vya magari ya nchi za joto vingi vina jedwali linaloruhusu mpaka 15W-40 au 20W-50. Kwa hiyo nzito si dhambi.

MLETA UZI

Fundi, nakubali, na nimefurahi umeingia. Ugomvi wangu si na 15W-40. Ugomvi wangu ni kuipa injini isiyoumwa dawa ya injini inayoumwa. Gari lako linalokula oili umelipima, umeona moshi, umejua 1ZZ ina tatizo gani, ndipo ukapanda hatua moja. Hiyo ni kazi ya fundi. Langu halikuwa linakula hata tone, likapewa 20W-50 kwa sababu ya umri.

Na kuna kipimo cha kujua kama linakula kweli. Egesha sehemu tambarare, zima, subiri dakika tano, vuta kijiti, futa, rudisha, vuta tena. Iwe katikati ya alama mbili au karibu na ya juu. Andika kilomita. Rudia kila Jumamosi kwa mwezi. Vitabu vingi vya Toyota vinahesabu mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndicho kikomo, kwa hiyo kupungua kidogo kati ya sevisi na sevisi kusikutie hofu. Na usijaze kupita alama ya juu ukidhani unalisaidia. Krenki inaipiga ile oili inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

DADA WA ILAZO

Samahani kaka, mimi swali langu ni dogo. Oili feki naijuaje? Mwezi wa tatu nilinunua dumu la lita 4 mjini, lina jina kubwa, bei ilikuwa chini kidogo. Fundi alipofungua ilikuwa na harufu kama ya moshi na rangi ya chai ya rangi. Nilirudi dukani wakasema hawarudishi kitu kilichofunguliwa. Iliniuma sana, hela yenyewe niliikusanya.

MLETA UZI

Pole sana dada. Na swali lako si dogo, lina thamani kuliko nusu ya niliyoandika juu.

Rangi peke yake haitoshi, zipo oili halisi zenye rangi iliyokolea. Harufu ya kuungua kwenye dumu ambalo halijawahi kuingia kwenye injini, hiyo ni dalili nzito. Kabla ya kulipa geuza kifuniko uangalie ile pete ya plastiki ya chini: iwe imeshikana na kifuniko kwa vijino vyote, isiwe imekatika na kubandikwa. Ukifungua, mdomoni mara nyingi kuna karatasi ya fedha, iwe imebanwa sawasawa bila gundi ya mkono. Tarehe na namba ya toleo vimechapwa kwenye plastiki yenyewe, si kwenye lebo tu. Tafuta alama ya TBS, Shirika la Viwango. Chukua risiti yenye jina la bidhaa, isiandikwe "spea" tu. Na fungua dumu pale pale kaunta mbele ya muuzaji, kabla hujaondoka. Akikataa ufungue wakati umeshalipa, umeshapata jibu lako.

Na jambo moja tulifanye wote: ukimaliza kumwaga oili, toboa dumu tupu kwa bisibisi au likate. Feki inahitaji dumu halisi lenye lebo nzuri, na madumu hayo tunayaacha sisi wenyewe gereji, yanaokotwa, yanajazwa oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa, yanarudi dukani. Mimi langu nalitoboa nikiwa bado nimesimama hapo.

DEREVA WA KONDOA

Wakuu, natembeza Noah Dodoma Kondoa. Lami ipo lakini abiria nawafuata mpaka vijijini, huko ni vumbi tupu. Namwaga kila kilomita 3,000, filta nabadilisha kila baada ya kumwaga mara mbili. Wengine wananiambia natupa hela. Mnasemaje?

MLETA UZI

Kaka, Toyota ya Japani kwa petroli isiyo na tabo inataja kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu nusu yake, 7,500 au miezi sita. Vumbi ni matumizi magumu, na safari za kusimama simama nazo zimo. Kwa oili nzuri ya kiwango cha SN kwenda juu mimi natumia 5,000 na silali na wasiwasi. 3,000 inafaa kama oili ni ya kawaida au hujui historia ya gari. Ila filta kuivusha mara mbili sikubaliani. Filta ikijaa kuna valvu ya dharura ndani inafunguka na kupitisha oili bila kuchujwa, ili injini isikose kabisa. Hutasikia sauti wala kuona taa. Unaweka oili safi inapita kwenye uchafu wa zamani.

Tena wewe wa vumbi, adui yako mkubwa anaingia kwa filta ya hewa. Mchanga wa barabara zetu ni mgumu kuliko chuma cha ringi. Filta ya hewa yenye mpira uliochanika au iliyofungwa bila kubana inamaliza injini hata ukiweka oili ya bei gani. Chomoa utazame upande wa ndani wa mpira, ukikuta mstari wa vumbi ujue linapita. Na kabla ya kufungua kifuniko cha kujazia oili, pangusa pale juu kwa tambala. Nimeona fundi anafungua na vumbi linadondoka ndani kama unga.

FUNDI WA KIZOTA

Hapo kwenye filta nami niongeze, maana wengi wanaharibikiwa kwenye kufunga. Ukitoa ya zamani hakikisha gesketi yake imetoka nayo. Ikibaki imeganda kwenye injini na ukafunga mpya juu yake, gesketi zinakuwa mbili. Ukiwasha inatulia vizuri, ukifika Ihumwa inaachia, oili yote barabarani na injini imenoki. Nimeivuta gari namna hiyo, Raum nzuri kabisa.

Paka oili kidogo kwenye gesketi mpya, zungusha kwa mkono mpaka iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Basi. Hakuna kukaza kwa cheni wala kupiga bisibisi. Nati ya sampu, ile ya spana 14, weka wosha mpya, ni shilingi chache. Ukikaza kwa hasira unakula nyuzi za sampu, sampu yenyewe ni aluminiamu kwenye baadhi ya gari.

Kuijua filta mbovu dukani: ishike mkononi ulinganishe uzito na halisi, chungulia kwenye matundu uone mpira, ubonyeze kwa njiti, uwe laini na urudi. Na usichukue kwa kuangalia umbo tu, zipo zinazoingia nyuzi sawa lakini valvu ya ndani si ya injini yako. Taja aina ya injini, kama 1NZ-FE. Zile za karatasi tupu, kama kwenye 2ZR, zinataka kikombe chake cha kufungulia na ringi mpya ya mpira kila mara.

BODABODA NKUHUNGU

Oili inayobaki kwenye dumu la gari naweza kuweka kwenye pikipiki?

MLETA UZI

Hapana mdogo wangu. Pikipiki nyingi hizi klachi yake inaoga kwenye oili ile ile ya injini. Oili za magari, hasa nyepesi kama 5W-30, nyingi zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza. Tafuta dumu lenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Japani cha oili za pikipiki.

MWANANZUGUNI

Mimi nimenunua Premio, nikafungua kifuniko cha oili nikakuta ndani kumeganda weusi kama grisi. Fundi anataka kupiga flashi ile dawa ya kumimina, tuwashe dakika kumi tumwage. Nikubali?

FUNDI WA KIZOTA

Usikubali, kaka. Utando mzito ukibanduka kwa mkupuo unaenda kuziba chujio la pampu pale chini ya sampu, taa ya oili inawaka. Weka oili nzuri yenye kiwango cha juu, mwaga baada ya kilomita 1,500, filta mpya. Rudia tena 1,500. Rudia tena. Itasafisha polepole. Kama weusi ni wa kupindukia, tushushe sampu tuisafishe kwa mkono. Na ukikuta si weusi bali rangi ya maziwa ya chai, hiyo ni maji yameingia kwenye oili, usiwashe tena, njoo na gari limevutwa.

MLETA UZI

Naunga mkono kila neno. Ila oili ikiwa nyeusi tu na inatiririka, hiyo si ubovu. Ina sabuni ndani yake, ikibadilika rangi ni kwa sababu inabeba masizi. Inayobaki ya dhahabu kilomita 5,000 kwenye gari la miaka 20 ndiyo ningeiuliza maswali.

MAMA WA MAKULU

Naomba na mimi niseme. Mnapomwaga hizo oili majumbani mnapeleka wapi? Jirani yangu anaimwaga kwenye shimo nyuma ya banda la kuku. Maji ya mji huu yanatoka kwenye visima vya Makutupora, na wengi wetu tuna visima vyetu uani.

MLETA UZI

Mama, shikamoo, na ahsante kwa kulisema. Mimi naihifadhi kwenye dumu la zamani la maji la lita 20 lenye kifuniko, likijaa napeleka gereji ambayo ina mtu anayekuja kuikusanya. Najua wengi wanapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa. Nilifanya hivyo zamani, nimeacha tangu nimejua ile oili ina madini ya risasi na vyuma vilivyosagika, na watoto wanashika nguzo. Fundi, na wewe naomba uvae glavu. Oili iliyotumika ikikaa kwenye ngozi miaka mingi inahusishwa na saratani ya ngozi, na mikono ya mafundi wetu tunaiona.

DADA WA ILAZO

Kaka, leo nimeenda kumwaga. Gari ni IST kama lako. Kibati kimeandikwa 1NZ-FE. Nimenunua 5W-30 yenye SN, lita 4, nimefungua kaunta, karatasi ya fedha ilikuwa nzima. Fundi anataka kumimina dumu lote, nimemzuia kwanza. Ni lita ngapi?

MLETA UZI

Ukibadilisha na filta ni lita 3.7, bila filta 3.4. Mwambie amimine 3.5, awashe dakika mbili, azime, asubiri tano, apime kwa kijiti, aongeze taratibu mpaka karibu na alama ya juu. Kinachobaki funga vizuri uweke kwenye buti, utaongezea ukikuta imeshuka. Na dumu likiisha, litoboe.